Mbwa wa Kiwanja Namba Arobaini na Nane

Saa nane na nusu mchana mbwa alianza.

Hakuanza kwa kubweka. Vjeko alishamjua, kama mtu anavyolijua gari lake bovu. Kwanza ulikuja mlio mwembamba wa puani, kama birika linalotaka kuchemka. Kikafuata kimya kifupi cha kukudanganya kwamba leo amebadili nia. Kisha kubweka kwenyewe, kuzito, kwa mwendo mmoja, bila hasira wala furaha, kama mtu anayepasua kuni na hana haraka ya kumaliza. Angeendelea hivyo mpaka saa kumi na moja na kitu, wenyewe watakaporudi kutoka ufukweni wakiburuta kandambili na kunukia mafuta ya jua. Hapo angewatikisia mkia na kunyamaza, mpole kama mtawa.

Ndani ya karavani, ile nyumba yao ya magurudumu, kitanda kililia. Ljerka alikuwa amegeukia ukutani. Kikalia tena. Amegeukia dirishani. Vjeko alikaa nje kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, akisubiri mlango ufunguke. Ukafunguka. Mkewe akatoka na taulo lililoloweshwa maji, akakaa, akajifunika uso nalo.

Maji yakamchuruzika shingoni, hakuyafuta.

Ljerka alikuwa nesi wa zamu za usiku katika hospitali ya Karlovac kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, usiku ulikataa kumpokea. Alilala kwa saa moja au mbili, halafu macho yakawa wazi mpaka jogoo. Daktari alimpa vidonge vikamtia kizunguzungu, akaviacha. Mahali pekee alipolala kama watu wengine ni hapa kwenye kambi ya likizo ya pwani, chini ya misonobari, mchana, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Ni saa ambazo ubao wa kanuni pale getini unakataza redio, nyundo, mipira na makelele ya kila aina. Kanuni hiyo watu wa kambi waliishika kuliko amri za kanisa. Ungemwona mwanamume wa kilo mia na ishirini akienda chooni kwa ncha za vidole.

Pasaka iliyopita Ljerka alimwambia mumewe kwamba amechoka. Barabara ndefu, karavani inavuja, miguu inamvimba. Kama usingizi nao utamkimbia huku, hakuna wanachokifuata. Bora waache kiwanja na kuuza karavani. Vjeko alimwomba kiangazi kimoja tu. Wapangaji wa mwaka mzima, kama wao, hutakiwa kusaini mkataba wa mwaka unaofuata kabla ya adhuhuri ya Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Majina kwenye mkataba wao yalikuwa mawili, kwa hiyo na saini zilitakiwa mbili. Asiyesaini hupoteza kiwanja, na wanaosubiri ni wengi.

Kiwanja chao kilikuwa namba arobaini na saba, safu ya mbele, bahari miguuni. Miaka ishirini na miwili. Vjeko alikuwa fundi wa vigae. Maisha yake yote aliyapitisha akipiga magoti kwenye sakafu za watu, na sakafu moja tu aliitandika kwa ajili yake mwenyewe: yale mawe bapa mbele ya karavani, aliyoyabeba moja moja kutoka machimboni, akayapanga hata ukiweka gilasi ya maji haitikisiki.

Kiangazi kilikwenda vizuri. Ljerka alilala Juni, akalala Julai. Ndipo Agosti namba arobaini na nane ikapata wageni.

Kosa alilifanya Vjeko mwenyewe, jioni ile ile ya kwanza. Yule mgeni, Renato, mtu wa Zagreb mwenye sauti kubwa na roho kunjufu, alivuka mpaka wa viwanja na chupa ya rakija, pombe kali ya plamu, mkononi. Nyuma yake mkewe Tihana alibeba sinia la samaki wadogo wa kuchoma. Hivyo ndivyo mtu mstaarabu anavyoingia kambini. Vjeko akanywa ya kwanza, akanywa ya pili, akala samaki kwa vidole, akanywa ya tatu. Mbwa alikuwa amelala chini ya meza. Alikuwa wa kuwindia, mwenye masikio marefu na macho ya mtu aliyefiwa, na jina lake Grof. Vjeko akamkuna kichwa. Akasema kwamba wao hawana shida na mbwa, walikuwa naye mmoja miaka kumi na minne. Akasema, wakihitaji lolote wagonge tu. Rakija ilisema hayo, lakini mdomo ulikuwa wake.

Kesho yake mbwa akabweka kwa saa tatu nzima.

Siku ya pili Vjeko alikwenda kumwona Renato. Alizungukia mpira wa miguu, akazungukia hali ya hewa, akafika. Renato alicheka mpaka akakohoa.

"Grof? Jirani, huyu hajui kubweka. Nyumbani tunasahau kama tuna mbwa."

Akamwita, na mbwa akaja kuweka kidevu chake juu ya goti la Vjeko kana kwamba ameitwa kutoa ushahidi. Jambo baya ni kwamba Renato hakudanganya. Mbwa yule alibweka akiachwa peke yake tu, na mwenyewe hajawahi kuwepo asipokuwepo. Utamwelezaje mtu kelele ambayo katika maisha yake hajapata kuisikia? Tihana akaongeza kwa upole kwamba labda ni yule mbwa mdogo wa Wapolandi wa safu ya chini. Kuhusu kumchukua Grof baharini, ufuko mkubwa hauruhusu mbwa, na ule wa mbwa uko nyuma ya miamba, mwendo wa nusu saa kwenye mawe makali. Wangemtesa bure. Afadhali apumzike hapa kivulini.

Ilikuwapo njia nyingine: mapokezi. Nevenka wa mapokezi hakuwa mtu wa mzaha. Ungemwambia neno moja, angekuja na daftari lake, na Renato angepewa onyo la maandishi. Lakini Vjeko alikuwa amekunywa rakija ya mtu huyu. Rakija ya mume huhesabiwa nyumba nzima, kwa hiyo hata Ljerka asingeweza kwenda. Safu ya tatu alikuwapo mzee mmoja aliyemsemea jirani yake kwa Nevenka kwa sababu ya redio, baada ya kula kwake. Ilikuwa miaka sita iliyopita. Mpaka leo, akifika na beseni lake kwenye masinki, watu wanakumbuka wana shughuli mahali pengine. Anaosha vyombo peke yake.

Siku ya nne, basi, ndiyo hii Ljerka aliyokaa na taulo usoni. Kisha akasema, chini ya taulo, kwamba mzee Brajković wa Duga Resa aliwahi kuuliza kama karavani inauzwa, na akiwa bado anaitaka, apigiwe simu.

Siku ya tano Renato na Tihana walipopotelea njia ya ufukweni, Vjeko alivuka mpaka kabla ule mlio wa puani haujaanza. Akamfungua mbwa kwenye msonobari. Grof akamtazama, akanyoosha mgongo, akamfuata bila sauti.

Walikwenda miambani. Jua lilikuwa la kukaanga. Njia ilipanda, ikashuka, ikapanda, na kila iliposhuka goti la kulia la Vjeko lilimkumbusha sakafu zote alizopata kutandika. Kule mwisho alikaa kwenye kivuli cha mwamba, kivuli cha kutosha kichwa na bega moja, na mbwa akalala kando yake akihema. Hawakuwa na la kuambiana. Saa kumi na moja kasorobo walirudi, akamfunga pale pale, akafuta mate ya mbwa kwenye suruali.

Ljerka alikuwa mlangoni, mstari wa mto umejichora shavuni. Alikuwa amelala kwa saa mbili na nusu. Aliuliza Vjeko alikuwa wapi, naye akasema alikwenda kuvua samaki. Kesho yake pia alikwenda kuvua, na kesho kutwa. Hakurudi na samaki hata mmoja, lakini hilo halikumshangaza Ljerka, maana hakuwa mvuvi tangu wamefahamiana.

Wiki mbili zikapita hivyo. Ljerka akapata rangi. Alianza kuimba akikata nyanya. Alikwenda kwenye masinki na kuwasimulia wanawake wenzake kwamba kumbe ni suala la kuuacha mwili utulie. Siku moja, bila kuulizwa, akasema wanunue turubai jipya kwa ajili ya mwaka ujao. Vjeko alikubali, akageuka pembeni kulifunga goti lake kitambaa. Yeye ndiye sasa hakupata usingizi. Goti lilimpigia ngoma mpaka asubuhi.

Alhamisi kabla ya ile Jumamosi, jioni jua likiwa bado juu, Renato alivuka mpaka na chupa. Uso wake ulikuwa na jambo.

"Jirani, mbona hukusema?"

Moyo wa Vjeko ukalegea. Hatimaye mtu amesikia, au ameambiwa. Alikuja kuomba radhi, na Vjeko alikuwa tayari kumsamehe kabla hajafungua mdomo.

"Kusema nini?"

"Kwamba unampenda hivi. Mama wa dukani kaniambia, kila siku mko wawili miambani. Na mimi nashangaa mbona tumbo limempungua, mbona jioni analala kama gogo." Renato alimshika bega, na macho yake yalikuwa na maji kidogo. "Sasa sikiliza. Asubuhi tumesaini. Arobaini na nane, mwaka mzima. Tihana kasema hata tukiizunguka pwani yote, jirani kama huyu hatumpati."

Gilasi ilikuwa imeshafika mkononi mwa Vjeko. Hakujua ilifikaje. Akasema yale aliyopaswa kuyasema siku ya pili.

"Renato. Simtembezi kwa kumpenda. Namtembeza anyamaze. Mkiondoka anabweka saa tatu mfululizo, na mke wangu hawezi kulala."

Renato alimkodolea macho. Halafu akapasuka kicheko, akampiga mgongoni hata rakija ikamwagika.

"Tihana, njoo umsikie huyu mzee. Eti hampendi. Na uso mkavu vile vile, kama hakimu."

Tihana akaja, akacheka naye, akaweka sinia mezani. Grof akaja nyuma yake, moja kwa moja mpaka kwa Vjeko, akajilaza juu ya miguu yake. Kila mtu akauona upendo huo isipokuwa mwenye miguu. Vjeko akanywa kilichobaki kwenye gilasi. Hakuwa na nguvu ya kufanya kingine.

Walipokwisha kwenda, aligeuka akamkuta Ljerka mlangoni. Alikuwa amesimama hapo tangu mwanzo.

"Kwa hiyo samaki ndiye huyu."

"Ndiye huyu."

Alishuka, akapiga magoti mbele ya mumewe kama alivyofanya kwa wagonjwa maelfu, akampandisha suruali. Goti lilikuwa limeumuka kama mkate. Alilibonyeza hapa na pale bila kumwangalia usoni.

"Wiki mbili nadhani nimepona," alisema. "Nimempigia dada simu, nikamwambia nalala kama mtoto."

"Ulikuwa unalala."

"Nilikuwa nalala juu ya goti lako." Akaishusha suruali. "Sisaini, Vjeko. Mwaka mzima na wale? Utafia miambani na kamba mkononi, na mimi ndani nakoroma."

Vjeko alitaka kusema goti si kitu, lakini nesi humdanganyi. Waliosha vyombo, yeye akisugua na mkewe akifuta. Hakukasirika. Alikuwa amechoka mno kukasirika. Angeweza kulala pale pale kwenye sinki na povu mkononi. Aliyatazama yale mawe yake bapa waliporudi, akapita juu yake, akaingia ndani.

Asubuhi ya Ijumaa alizunguka kambi nzima akichechemea. Safu ya mbele imejaa, safu ya pili imejaa. Viwanja vya juu viko juani, jua la kuua. Kimoja tu kilikuwa kitupu, na kilikuwa kitupu kila mwaka: namba mia na kumi na mbili, nyuma ya jengo la vyoo na bafu. Chini ni kokoto. Mbele ni ukuta. Ukitaka kuiona bahari itakubidi upande juu ya paa. Lakini jengo lenyewe, nene la zege, lilikaa katikati yake na safu ya mbele.

Ljerka alipoambiwa alicheka, kicheko kisicho na utamu.

"Miaka ishirini na miwili bahari, halafu choo."

Vjeko alimwambia ajaribu mchana mmoja. Asipolala, atampigia Brajković yeye mwenyewe, jioni hiyo hiyo, na hatalizungumzia tena. Ljerka akaenda kuchukua mto wake.

Kwa hiyo saa nane mchana, kambi ikiwa imejilaza, wazee wawili walivuka njia kwa ncha za vidole. Mume alibeba vitanda viwili vya kukunja, mke mto na shuka. Wakavitandika juu ya kokoto za watu wengine. Pale palinuka dawa ya kusafishia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka bafuni aliwapungia mkono, akataka kuuliza, akaona ni saa ya kimya, akaenda zake. Ljerka alilala chali, akafumba macho.

Ndani, maji yakashuka kwa kishindo. Mlango ukabamizwa. Ile mashine ya kukaushia mikono ikaunguruma, ikanyamaza, ikaunguruma. Vjeko alifumba macho naye, kwa aibu. Aliona wazi kwamba mambo yamekwisha. Alianza kufikiria atakavyoing'oa karavani, magurudumu yamekaa bila upepo miaka mingapi.

Saa nane na nusu, kutoka mbali sana, upande wa pili wa zege, mbwa alianza. Ungedhani ni wa kijiji kingine. Leo hakwenda mtu kumfungua. Vjeko akajiuliza kama leo anambwekea nani, wenyewe au yeye, na wazo hilo hakulipenda.

"Unajua tofauti?" Ljerka alisema, macho bado yamefumbwa.

"Ya nini?"

"Choo hakinidharau." Maji yakashuka tena, akangoja yaishe. "Mtu ana haja, anaingia, anavuta mnyororo. Atafanyaje? Pale chini nilikuwa sisikii mbwa. Nilikuwa nasikia watu ambao hawanijali, tangu saa nane mpaka saa kumi na moja."

Vjeko alipogeuka kumjibu, mdomo wa mkewe ulikuwa wazi na pumzi inatoka kwa sauti ndogo.

Hakujisogeza. Alilinyoosha goti lake juu ya rundo la kokoto na kukaa hivyo. Baba mmoja wa safu ya nne alipita na taulo begani, akapunguza mwendo kuuliza kama kiwanja kimepata mtu, na Vjeko akaweka kidole mdomoni. Mashine ikaunguruma. Nzi akatua shavuni kwa Ljerka. Vjeko akamfukuza kwa kofia. Saa moja ikapita, ya pili ikafuata, na Vjeko naye, akiwa amekaa, kidevu kikamwangukia kifuani.

Ljerka ndiye aliyemwamsha. Ilikuwa saa kumi na moja imepita. Hakusema kama amelala vizuri au vibaya. Alivaa ndara zake, akazipanga nywele kwa vidole, akasema waende kabla Nevenka hajafunga.

Nevenka alisoma namba waliyoitaka mara mbili. Aliwakumbusha kwamba arobaini na saba ni safu ya mbele, na ana orodha ya watu wa kuweza kupigana kwa ajili yake. Alimtazama Vjeko juu ya miwani.

"Hapo chini kuna jirani anayewasumbua?"

Alijua. Alikuwa na masikio kama mtu yeyote, na kalamu ilikuwa tayari juu ya daftari. Alichosubiri ni mdomo mmoja tu wa kusema.

"Goti," Vjeko alisema. "Nataka kuwa karibu na choo."

Nevenka akangoja kidogo zaidi. Kisha akafunga daftari, akatoa karatasi. Vjeko aliuliza kuhusu mawe yake, kama anaweza kuyang'oa, na Nevenka akamwambia kwa upole kwamba kilichotandikwa ardhini ni cha kambi; atakayekuja atashukuru. Vjeko akatikisa kichwa kukubali. Ljerka akachukua kalamu na kusaini wa kwanza, bila kusoma, kisha akaisukuma karatasi kwa mumewe.

Renato alikuwa nje ya mapokezi, mbwa kamshika kwa kamba. Habari hukimbia kambini. Alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa kofi na hajui na nani.

"Jirani, wanasema mnahama. Tumewakosea nini?"

"Goti, bwana," Vjeko alisema. Ljerka alifungua mdomo, akamtazama mumewe, akaufunga.

"Na Grof je? Nani atamtembeza?"

Mbwa alikuwa ameivuta kamba mpaka mwisho, kichwa chake kiko tayari kwenye kiganja cha Vjeko. Vjeko alikikuna nyuma ya sikio, mara moja, akaondoa mkono.

"Wewe."

"Mimi? Miambani, jua lile la saa nane?"

"Beba na maji," Vjeko alisema. "Hunywa chupa nzima."

Ljerka akampa mumewe mkono wa kuegemea, wakapandisha polepole kwenda kuchukua vitanda vyao kule vyooni, kabla watu wa kuoga jioni hawajaanza kujipanga.